Kutoa video za HD kwenye kamera na kuziweka kwenye kompyuta bila kupoteza kipande

"Nimefungua DCIM naona picha tu, video ziko wapi?" "Mbona hotuba ya baba imekatika vipande vitatu?" "Video inaonekana vizuri lakini haina sauti." Maswali haya matatu nimeyajibu mara nyingi mno, siku hizi mtu akianza kueleza namalizia mimi. Kwa kawaida muulizaji amenunua kamera ya mtumba, au ameletewa na ndugu yake kutoka Ulaya au Marekani, akarekodi harusi au maulidi ya mtaani, kisha akaichomeka kwenye kompyuta akidhani itakuwa rahisi kama simu. Haiwi.

Mwongozo huu ni wa kamera ya video ya HD, ile ya kushika mkononi yenye mkanda wa kupitisha vidole, iwe Sony, Panasonic, Canon au JVC. Sehemu kubwa inahusu kamera zinazorekodi kwenye memori kadi au kwenye memori ya ndani. Wenye kamera za kanda nimewawekea hatua zao peke yao huko mbele, maana kazi yao ni nyingine kabisa.

Kamera yako ni ya namna gani?

Fungua kifuniko. Ukikuta mahali pa kanda ndogo ya MiniDV na ubavuni mwa kamera pameandikwa HDV, ruka hadi sehemu ya kanda. Ukikuta tundu la kadi, au kamera ina diski yake ya ndani, endelea hapa hapa.

Kamera nyingi za kadi zinatumia AVCHD, mfumo uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, na faili zake zina kiishio cha .MTS. Zilizotoka baadaye zinaweza pia kurekodi MP4 au XAVC S. Nadharia ya kujua ni moja tu: AVCHD ni kundi la folda zinazotegemeana. Picha na sauti ziko kwenye folda moja, lakini habari ya kipande kipi kinafuata kipi iko kwenye folda za jirani. Ndiyo maana utanisikia nikirudia: nakili kadi nzima.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chaja ya kamera, kama utaunganisha kwa waya. Usitegemee betri, hata ikionyesha imejaa. Kamera nyingine hazikubali kuongea na kompyuta mpaka ziwe kwenye chaja.
- Waya wa USB wa kamera, au kisoma kadi. Mimi nachagua kisoma kadi kila ninapoweza, kwa sababu hakina menyu, hakina betri na hakizimiki katikati ya kazi. Angalia tu kwamba kinakubali kadi yako. Kadi za 64 GB na kuendelea ni SDXC, na visoma kadi vya zamani havizitambui.
- Nafasi ya kutosha kwenye kompyuta. AVCHD ya ubora wa juu, megabiti 24 kwa sekunde, inakula karibu GB 11 kwa saa. Ile ya megabiti 17 inakula karibu GB 8. Harusi iliyorekodiwa saa sita kwa ubora wa juu inataka kama GB 65, na hapo hujahariri chochote.
- Diski ya nje kwa ajili ya nakala ya pili. Iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT. FAT32 haipokei faili inayofika GB 4.
- Programu ya VLC. Ni ya bure, na inacheza karibu kila kinachotoka kwenye kamera hizi.
- Umeme. Kama kompyuta yako ni ya mezani na huna UPS, usianze kazi hii saa ambazo umeme wa mtaani kwenu una kawaida ya kukatika. Faili iliyokatikia njiani huonekana kama nzima kwenye orodha, ila ukiicheza inaishia katikati.

Hatua kwa hatua: kamera za kadi na memori ya ndani

1. Funga kadi isiandikike. Kadi ya SD ina kiswichi kidogo ubavuni. Kisukume upande ulioandikwa LOCK. Micro SD haina kiswichi, lakini adapta yake inacho. Hapo kompyuta itaweza kusoma kadi bila kuandika wala kufuta kitu. Hii ni muhimu mara mbili kama unakwenda kukopi kwenye kompyuta isiyo yako. Kompyuta za vibanda vya kuprinti zimejaa virusi vinavyoficha folda zako halisi na kuacha shotikati mahali pake. Kadi iliyofungwa kwa kawaida haiguswi. Anayetumia waya wa kamera avuke hatua hii, ila asikopi kwenye kompyuta asiyoiamini.

2. Unganisha. Kwa kisoma kadi, chomeka tu. Kwa kamera, unganisha chaja kwanza, washa, iweke upande wa kutazama video badala ya kurekodi, kisha chomeka waya wa USB moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyi (USB hub). Kamera nyingi zitauliza unataka kuunganisha na nini. Chagua "USB Connect", "Computer" au "PC", kutegemea kamera. Yenye memori ya ndani na kadi kwa pamoja huonekana kama diski mbili. Watu wengi hufungua moja, wakaikuta tupu, wakapiga kelele kwamba video zimepotea. Fungua na ya pili.

   Onyo: Windows ikikuambia diski ina tatizo na inataka kuirekebisha, au inataka kuifomati, kataa. Bofya Cancel. Shida hiyo tutaiangalia kule mwisho.

3. Tafuta video zilipo. Folda ya DCIM ni ya picha za mnato, ndiyo maana ukiifungua huoni harusi. Video za AVCHD kwenye kadi ziko hapa:

   PRIVATE > AVCHD > BDMV > STREAM

   Kwenye memori ya ndani mara nyingi folda ya AVCHD iko mwanzoni kabisa, bila PRIVATE. Video za MP4 hukaa MP_ROOT kwenye Sony nyingi, na kamera nyingine huziweka humo humo DCIM. XAVC S iko PRIVATE > M4ROOT > CLIP. Kwenye Mac folda ya AVCHD inaweza kuonekana kama faili moja isiyofunguka. Bofya kulia uchague "Show Package Contents".

   Hapa unatazama tu. Usiburute kitu chochote bado.

4. Tengeneza folda ya kazi hii, na kila kadi ipate folda yake. Ipe jina lenye tarehe mbele, kwa mfano "2025-08-16 Harusi Tanga KADI 1", ili folda zako zijipange zenyewe kwa mfuatano.

   Nisimame hapa kidogo. Kamera inaanza kuhesabu upya kwenye kadi mpya: 00000.MTS, 00001.MTS, na kuendelea. Kwa hiyo kadi ya kwanza ina 00000.MTS, na ya pili ina 00000.MTS nyingine kabisa. Nikiwa bado mgeni wa kazi hii nilirekodi harusi kwa kadi mbili, nikarudi nyumbani saa tisa usiku macho yamejaa usingizi, nikakopi kadi ya kwanza, kisha ya pili ndani ya folda ile ile. Kompyuta ikauliza kama nataka kubadilisha faili zilizopo. Nikabofya ndiyo, zote. Asubuhi nikafomati kadi kwa sababu nilikuwa na kazi nyingine. Nilichobaki nacho ni ukumbi na keki. Nikaha yote ilikuwa kwenye kadi ya kwanza. Kwenda kumweleza mama wa bwana harusi kulikuwa kazi kuliko kurekodi harusi kumi. Tangu siku hiyo, kadi moja folda moja, na swali la "Replace" kwangu lina jibu moja tu: hapana.

5. Nakili kila kilichomo kwenye kadi. Fungua kadi, bonyeza Ctrl+A kisha Ctrl+C, nenda kwenye folda yako, bonyeza Ctrl+V. PRIVATE, DCIM, na folda nyingine yoyote usiyoijua, zote zije. Usitumie Ctrl+X. Ukihamisha badala ya kunakili na umeme ukakatika katikati, video moja inaweza kukosekana kote kuwili.

   Muda unategemea kadi na tundu. Kwa USB 2.0, kadi ya 32 GB iliyojaa huchukua kama nusu saa. Kabla hujaondoka kwenda kunywa chai, weka kompyuta isijilaze yenyewe, na kama ni laptopu usifunge kifuniko.

6. Hakiki. Hatua hii ndiyo watu huiruka. Bofya kulia kwenye folda ya PRIVATE iliyoko kwenye kadi, chagua Properties, soma idadi ya faili na ukubwa kwa baiti. Fanya hivyo hivyo kwa nakala iliyoko kwenye kompyuta. Namba zilingane mpaka tarakimu ya mwisho. Soma mstari wa "Size", usisome "Size on disk", kwa kuwa huo wa pili hutofautiana kati ya diski moja na nyingine hata mambo yakiwa sawa. Halafu fungua kwa VLC video ya kwanza, moja ya katikati na ya mwisho, na kila moja ivute mpaka sekunde zake za mwisho. Ukitaka kompyuta ikufanyie ukaguzi wa kina, TeraCopy ya Windows ina sehemu ya kuhakiki baada ya kunakili.

7. Weka nakala ya pili kwenye diski ya nje, ukinakili kutoka kwenye kadi. Wengi wanakopi kutoka kwenye kompyuta kwa sababu ni haraka. Tatizo ni kwamba kama nakala ya kwanza ina kasoro, ya pili itairithi. Ukiwa na haraka sana, basi, lakini hakiki nayo.

8. Ondoa kadi au kamera kwa utaratibu. Chagua Eject, subiri kompyuta iseme unaweza kuchomoa, ndipo uchomoe.

9. Unga rekodi ndefu zilizokatwa. Hotuba haikukatika kwa kosa lako. Kadi za mpaka GB 32 hutumia FAT32, kwa hiyo kamera inapofika karibu GB 2 au GB 4, kutegemea aina yake, hufunga faili na kufungua nyingine bila kuacha kurekodi. Kwa ubora wa juu, kila GB 2 ni kama dakika kumi na moja hivi. Utazitambua kwa ukubwa: faili yenye karibu GB 2 kamili (au 4), ikifuatwa na namba inayofuata, ni mtu na mdogo wake.

   Ukiziweka tu pamoja kwenye programu ya kuhariri, unaweza kusikia sauti inaruka mahali pa kiungo. Dawa ni kuziunganisha kabla. Kwenye Windows fungua folda ya STREAM iliyoko kwenye kompyuta (si ya kadi), bofya kwenye mstari wa anwani ulio juu, andika cmd, bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi andika:

   copy /b 00003.MTS+00004.MTS+00005.MTS hotuba.MTS

   Kwenye Mac au Linux:

   cat 00003.MTS 00004.MTS 00005.MTS > hotuba.MTS

   Hiyo /b usiisahau, na jina la mwisho liwe jipya. Usiunge vipande ambavyo si vya rekodi moja, kwa mfano uliposimamisha kamera kisha ukaanza tena. Vitaungana, ndiyo, lakini video itaruka na muda wake utasomeka vibaya.

10. Geuza kuwa MP4 kama una sababu tu. Programu za kuhariri kama DaVinci Resolve, Kdenlive na Shotcut zinafungua .MTS bila kugeuza. Kila unapogeuza kwa kubana upya, ubora unapungua. Lakini kama mteja anataka flashi ya kuchomeka kwenye TV, tumia HandBrake, ambayo pia ni ya bure. Kwenye ukurasa wa Filters weka Deinterlace kuwa Yadif na aina yake iwe Bob; kwenye Video weka RF 18 hadi 20. Ya kutuma WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo itabanwa mpaka nyuso zifanane.

11. Sasa ndipo ufute kadi, na ufutie kwenye kamera. Una nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti, umezihakiki. Fungua kiswichi cha kadi, irudishe kwenye kamera, nenda kwenye menyu uchague kufomati. Usifute faili moja moja kwa kompyuta: kamera itakuta orodha yake hailingani na vilivyomo na itaanza kulalamika.

Kwa wenye kanda za HDV

HDV inatumia kanda zile zile za MiniDV, ila kilichomo ndani ni HD ya megabiti 25 kwa sekunde. Saa moja ya kanda ni kati ya GB 11 na 13. Hakuna kukopi haraka: kanda ya dakika 60 huingia kwenye kompyuta kwa dakika 60, na ukiwa na kanda ishirini jipangie wiki.

1. Kagua kanda kabla hujaiingiza. Sisi wa pwani tuna adui mmoja, unyevunyevu. Itazame kanda kwenye mwanga kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au madoa kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Usiiingize kwenye kamera, utachafua hedi (kichwa kinachosoma kanda) na kuambukiza kanda nyingine. Kanda safi iliyokaa miaka, ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma mara moja kabla ya kuicheza.

2. Tafuta tundu la FireWire. Sony huliita i.LINK, wengine IEEE 1394. Tundu la USB la kamera hizi mara nyingi ni la picha za mnato, halitoi video ya HD. Na zile adapta za bei rahisi zenye FireWire upande mmoja na USB upande wa pili usinunue, hata muuzaji akiapa. Ni waya tu uliobadilishwa mdomo, hakuna video itakayopita. Kompyuta ya mezani iwekee kadi ya FireWire ya PCI Express. Njia nyepesi zaidi ni kutafuta laptopu ya zamani yenye tundu hilo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi bado zinapatikana kwenye maduka ya mtumba.

3. Weka menyu ya kamera sawa, waya ukiwa haujachomekwa. Kwenye Sony, "VCR HDV/DV" iwe HDV, na "i.LINK CONV" iwe OFF. Hili la pili limewaponza wengi: likiwa ON, kamera inatoa video iliyoshushwa kuwa ya ubora wa zamani. Mtu anamaliza kanda kumi ndipo anagundua.

4. Zima kamera, chomeka waya, kisha washa. Mdomo mkubwa wa pini sita una upande mmoja uliochongoka. Ukiulazimisha kinyumenyume unaweza kuunguza tundu la kamera, na fundi wa kulitengeneza ni wa kutafuta kwa tochi.

5. Nasa. Kwenye Windows tumia HDVSplit. WinDV inayosifiwa sana ni ya DV ya kawaida, haichukui HDV. Kwenye Linux andika dvgrab -f hdv kanda1- na uiache ifanye kazi. Mac za zamani zenye FireWire zinatumia iMovie. Usifungue programu nyingine nzito wakati wa kunasa. Kompyuta ikizubaa, fremu zinapotea, na itabidi urudie.

Kama Windows 10 inaiona kadi ya FireWire lakini haiioni kamera, mara nyingi dereva ndiye tatizo. Nenda Device Manager, badilisha dereva ya 1394 iwe ile yenye neno Legacy.

Mambo yakikwama

*Kompyuta haioni kamera kabisa.* Waya ndio mshukiwa wa kwanza. Nyaya nyingi za simu ni za kuchaji tu, hazina njia ya data. Jaribu waya mwingine, tundu jingine, kisha uhakikishe kamera iko upande wa kutazama. Ukishindwa, toa kadi utumie kisoma kadi.

*Kompyuta inasema kadi haijafomatiwa.* Irudishe kwenye kamera ucheze video. Zikicheza, kadi ni nzima. Mgonjwa ni kisoma kadi chako cha zamani au Windows ya zamani isiyojua exFAT. Badilisha kifaa, usifomati.

*Picha ipo, sauti hakuna.* AVCHD nyingi zina sauti ya Dolby, AC-3, na baadhi ya programu haziijui. Fungua kwa VLC: sauti ikisikika, faili ni nzima. Kuigeuza sauti peke yake bila kugusa picha, weka programu ya ffmpeg na uandike kwenye dirisha jeusi:

ffmpeg -i hotuba.MTS -c:v copy -c:a aac -b:a 256k hotuba.mp4

Inaisha haraka, kwa kuwa picha haibanwi upya.

*Mistari kama meno ya kitana kila mtu anapotembea.* Video yako ni ya 1080i, yaani kila fremu imegawanywa mistari ya zamu mbili. Si uharibifu. Kwenye VLC bonyeza herufi D kuwasha Deinterlace, na unapogeuza fuata hatua ya 10.

*Taa za ukumbini zinacheza.* Angalia kama kamera ililetwa kutoka Marekani. Za huko hurekodi 60i, yaani zamu 60 za mistari kwa sekunde, na umeme wetu ni wa herzi 50. Kama ina menyu ya kasi ya shata, weka 1/100. Kilichokwisha kurekodiwa hakisafishiki vizuri. Na ukichanganya kamera ya 60i na ya 50i kwenye kazi moja, picha za moja zitatembea kwa kushtukashtuka.

*Video inagandaganda.* Usiichezee kwenye kadi. Inakili kwanza kwenye diski ya kompyuta. Ikiendelea kuganda hata huko lakini ikicheza vizuri kwenye kamera, kompyuta ndiyo dhaifu, video haina neno.

*Flashi inasema faili ni kubwa mno wakati nafasi ipo.* Ni FAT32. Ifomati flashi kwa exFAT, ukishajua kwamba TV ya mteja inaisoma. TV za zamani nyingi hazisomi.

*Kamera inasema orodha ya picha imeharibika, inaomba kurekebisha.* Kabla hujakubali, toa kadi, ifunge kwa kiswichi, unakili vyote kwa kisoma kadi. Ukishakuwa na nakala, iache kamera ijirekebishe inavyotaka.

*Nimefomati kadi kabla ya kukopi.* Acha kurekodi sasa hivi, toa kadi, ifunge. Kufomati kwa kamera mara nyingi hufuta orodha tu, video zenyewe zikabaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Tumia PhotoRec, ya bure, na uiambie iweke inachokipata kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi hiyo hiyo. Faili zitatoka bila majina yao, na ndefu zinaweza kutoka vipande vipande. Zipange kwa kuzitazama moja moja, na usiirudishe kadi kazini mpaka umemaliza.